Waya Usio na Jina

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Ilikuwa Jumamosi saa sita mchana, na kila mtu alikumbuka siku hiyo hiyo kwamba balbu yake imeungua au chaja yake imekufa. Feni ya darini ilizunguka kwa uvivu ikisukuma harufu ya plastiki mpya na jasho la watu. Katikati ya msongamano alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la zambarau lenye mikono mirefu, miwani ya duara, na kitambaa cheupe kichwani kilichofungwa bila mkunjo hata mmoja. Alikuwa akibishana na muuzaji.

"Ruta tatu za nini?"

"Dada yangu, umesema nyumba ni ya ghorofa na kuta ni nene. Moja sebuleni, moja juu, na moja ya akiba."

"Ya akiba? Hii ni ruta au taulo la wageni?"

Watu wa nyuma wakacheka. Kando yake palikuwa na kijana mrefu aliyebeba duara la waya begani kama mkoba. Mfukoni mwa shati lake mlikuwa na kalamu tatu na kibunda cha utepe mweupe wa karatasi.

"Amesema tayari anayo moja nyumbani," kijana akasema. "Auziwe moja tu. Mbili zinatosha."

"Fundi, wewe lipia waya wako uende," muuzaji akamkemea.

"Naenda. Lakini mbili zinatosha."

Yule dada akamgeukia na kumtazama kuanzia viatu, vilivyokuwa safi, mpaka kwenye nywele zilizokuwa na vumbi la dari ya mtu.

"Na wewe unapata nini kwa kunishauri?"

"Napata foleni kusogea. Nimesimama hapa nusu saa."

Dada akanunua moja. Alipotoka nje na boksi lake chini ya kwapa, akasikia hatua nyuma yake.

"Dada, umesahau waya. Utaziunganisha na nini, na maombi?"

Akataka kukasirika, akacheka. "Unafuata kila mteja wa duka lile?"

"Wale wanaosahau waya tu. Na wewe, unafanya kazi gani inayokufanya utazame watu namna ile? Nilihisi kama nimewekwa kwenye kioo."

"Maabara ya hospitali. Kutwa nzima nipo na hadubini."

"Basi nimekujua jina. Hadubini."

Jina likamganda. Naye hakumwita jina lingine zaidi ya Fundi, kuanzia siku ile hata leo.

Hadubini aliishi na baba yake, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mkewe miaka minne iliyopita. Mzee huyo alikuwa na redio yake, fimbo yake, na tabia ya kuzima swichi zote za nyumba kila anapotoka chumbani, hata ile ya friji ilinusurika kuzimwa mara mbili. Chumba chake kilikuwa chini, nyuma ya jiko. Upande wa pili wa ukuta wake, uani, palikuwa na chumba cha mpangaji wao, msusi mwenye kucha ndefu na kicheko kilichofika barabarani. Sebuleni ndiko ilikokaa ruta ya zamani, na mtandao wake haukuweza kupanda ngazi. Hadubini alipotaka kusoma masomo yake ya jioni ilibidi akae kwenye ngazi ya tano, kompyuta magotini.

Fundi alikuja kuifunga ruta mpya Jumapili iliyofuata. Kabla hajasogeza kiti cha mzee, alipiga magoti akaweka alama nne ndogo za penseli sakafuni, kila mguu wa kiti alama yake. Alipomaliza kutoboa alifagia vumbi, akakirudisha kiti juu ya alama zile zile, kisha akazifuta kwa kitambaa. Waya aliupitisha juu kabisa, karibu na dari, ili fimbo isije ikaunasa. Mzee aliyaona yote hayo. Chai ilipokuja alisema, "Mpeni mwanangu kikombe kikubwa."

Fundi alikaa na Hadubini mbele ya kompyuta.

"Hii ya sebuleni ndiyo inayogawa anwani kwa kila simu inayoingia. Hii mpya ya juu tunainyima kazi hiyo. Ipokee na ipeleke, basi."

"Kwa nini?"

"Hospitalini kwenu, madirisha mawili yakigawa namba za foleni bila kuulizana?"

"Wagonjwa wawili wanakuja na namba saba."

"Ndiyo hiyo. Halafu zote mbili tunazipa jina moja na nywila moja. Ukitoka sebuleni ukapanda ngazi, simu itahama yenyewe. Hata hutajua."

Kisha akafungua ukurasa mwingine kwenye simu ya Hadubini. "Na hapa utaona kila kilichoingia kwenye mtandao wako. Simu yako, kompyuta, televisheni. Kikija kigeni, utakiona hata ukiwa kazini."

Alifanya hivyo kwa nia njema. Hakujua anampa nani kitu gani. Hadubini aliwahi kuchumbiwa na mtu mwenye simu ya pili, simu iliyokuwa ikilala ndani ya tairi la akiba la gari. Tangu alipoiona simu ile, kila kitu chenye kifuniko alitaka kukifunua.

Mwisho Fundi alitoa ule utepe mweupe, akaandika na kubandika kwenye kila waya, ncha zote mbili: Chanzo. Juu. Televisheni.

"Una mwandiko mzuri," Hadubini akasema.

"Waya usio na jina ni mtego. Fundi atakayekuja baada yangu atauchomoa bila kujua anamkatia nani."

"Kwani atakuja mwingine baada yako?"

Fundi akamtazama, utepe umemganda kidoleni. "Ukipenda, hapana."

Miezi mitano ikapita kama mtu anayeteremka mlima. Walikutana kwenye benchi nje ya hospitali saa ya mapumziko, wakala mkate wa mayai kwenye karatasi. Walipigiana simu jioni, Hadubini akiwa juu kitandani, Fundi akiwa ananyoosha mashati yake sita ya wiki.

"Umefika, kipenzi?"

"Nimefika. Umekula?"

"Nimekula. Leo nilikuwa kwa mteja ana ruta tano na mke mmoja, na bado hawasikilizani."

"Nani huyo?"

"Ah, Hadubini. Unajua sisemi. Mimi naingia vyumbani mwa watu, naona vitanda, naona dawa, naona mpaka picha walizozigeuza ukutani. Nikitoka, nimesahau."

"Hata mimi huniambii?"

"Hata wewe. Na wao siwaambii kwamba unakoroma."

"Sikoromi!"

"Basi ni simu yako."

Mwezi ulipokaribia kwisha, Fundi alimwambia bila utani, "Jumapili ya mwisho nataka kuja kuongea na Mzee. Nina neno." Hadubini alilala akiwa ameshika simu kifuani. Ukweli ni kwamba alikuwa amemaliza kuogopa, na alikuwa anaizoea hali hiyo.

Ilikuwa Jumanne, saa nne na dakika tano asubuhi, alipofungua ile orodha kwa kupoteza muda tu, akisubiri mashine imalize kuzungusha damu. Akaona mstari mpya. *Kifaa kisichojulikana.* Saa tano kasoro mstari ukapotea. Jumatano saa nne na dakika tano, ukarudi. Alhamisi vile vile.

"Nani yupo kwenu saa nne?" akauliza mwenzake wa zamu, mama mmoja wa kupenda habari, alipoonyeshwa ule mstari.

"Baba na redio yake. Baba hana haja na mtandao, simu yake yenyewe ni ya kubonyeza."

"Na nani mwingine?"

"Msusi wetu, uani. Yeye huenda saluni mchana."

"Yule mwenye kucha?" Mwenzake akaweka kalamu chini. "Na nywila ya nyumba yenu anaijua nani?"

"Mimi. Na Fundi."

"Haya," mwenzake akasema, akachukua kalamu yake tena. "Mimi sijasema kitu."

Siku ile Hadubini aliporudi nyumbani, msusi alikuwa anaanika taulo uani, amevaa dera la kijani na hereni kubwa kama bangili.

"Shoga, una bahati wewe! Fundi wako ana moyo. Jana asubuhi kanikuta nahangaika na kiti cha kuoshea nywele, kakinyanyua mwenyewe mpaka ndani."

"Jana asubuhi?"

"Saa tatu na nusu hivi. Na juzi pia nilimwona. Nikajua umemtuma."

"Ndiyo," Hadubini akasema. "Nilimtuma."

Jioni simu iliita, akaiacha iite mara tano ndipo akapokea.

"Laazizi, umekula?"

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kwa nani?"

"Kwa mteja."

"Mteja huyo anakaa kwetu?"

Hadubini alisikia pasi ikiwekwa chini upande wa pili.

"Naomba uniulize kitu kingine," Fundi akasema taratibu.

"Sina kingine."

Walikutana kesho yake kwenye benchi lao. Fundi alikuja na mikate miwili ya mayai, kila mmoja kwenye karatasi yake, kama kawaida. Hadubini hakuugusa wake.

"Umeunganisha kifaa kwenye mtandao wa nyumba yangu bila kuniambia."

Fundi hakukataa. "Ndiyo."

"Kwa ajili ya nani?"

"Hilo si langu kusema."

"Fundi, nimekaa na mtu mwenye simu ndani ya tairi. Unajua. Nilikwambia mimi mwenyewe, na nililia nikikwambia."

"Najua. Sina simu ndani ya tairi." Akajipangusa mikono, ingawa haikuwa na kitu. "Nimempa mtu neno langu. Nikilivunja leo kwa sababu umenibana, kesho neno nililokupa wewe litakuwa na uzito gani?"

"Mtu mwenyewe ni mwanamke?"

"Sitajibu hilo, kwa sababu nikilijibu utaniuliza la pili."

"Jumapili usije."

"Hadubini…"

"Usije. Na mkate wako chukua."

Fundi hakuuchukua. Aliukunja vizuri kwenye karatasi yake, akauacha kwenye benchi pale alipokuwa ameketi Hadubini, asije huyo akasikia njaa. Mwenzake wa zamu ndiye aliyeula.

Jumapili ilifika. Mzee alikuwa ameketi sebuleni tangu asubuhi, amenyoa ndevu.

"Mwanangu Fundi haji leo?"

"Haji, Baba. Haji tena."

"Mmegombana?"

"Tumemalizana."

Mzee akachukua fimbo yake. Akaenda chumbani mwake na kuzima swichi ya sebule akiwa anapita, binti yake akiwa bado amekaa pale.

Wiki nzima Hadubini aliifungua ile orodha. Fundi alikuwa haji tena, mwenzake wa zamu alisema hivyo kwa sauti ya ushindi, lakini mstari ulikuja saa nne na dakika tano na ukaondoka saa tano kasoro, bila kukosa, kama dawa ya mgonjwa. Alimsikiliza msusi akicheka uani na kila kicheko alikipima. Alipanga sahani kwa kelele. Alijaribu kumchukia Fundi, na kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu kila alipogeuza jicho aliona kitu alichokifanya yule mtu: kona ya waya iliyopinda kwa upole, tundu lililozibwa na kupakwa rangi, waya uliopita juu usije ukamwangusha mzee.

Jumanne iliyofuata aliomba ruhusa kazini. Alirudi nyumbani saa tatu na dakika hamsini, akavua viatu mlangoni, akaingia sebuleni kwa soksi. Akapiga magoti nyuma ya meza ya televisheni, tochi ya simu mkononi.

Chanzo. Juu. Televisheni. Na wa nne.

Wa nne haukuwa na utepe.

Akaushika. Yule mtu aliyebandika jina mpaka kwenye waya wa kengele ya mlango, huu ameuacha mtupu. Hadubini alitazama kwa muda, na kitu fulani kikamgusa ambacho hakukielewa bado. Kama Fundi angetaka kumdanganya, angeandika chochote pale. Angeandika Televisheni ya Pili, naye asingeuangalia mara mbili. Hakutaka kuandika uongo, na ukweli haukuwa wake.

Waya ulipanda ukutani, ukafuata dari kuelekea jikoni. Jikoni ulitoboa ukuta wa nyuma. Na huko nyuma kulikuwa na vyumba viwili tu.

Saa nne na dakika tano, mstari ukatokea kwenye simu yake.

Maabara wana njia yao. Ukitaka kujua kitu kinafanya kazi gani, unakiondoa, halafu unatazama nini kinakosekana. Hadubini akasubiri dakika kumi ili anayeutumia azame kwenye shughuli yake. Kisha akauchomoa waya. Akatega sikio kuelekea uani, kwa msusi.

Uani palikuwa kimya.

"Haloo?" sauti ikatoka upande mwingine kabisa. "Haloo? Kipenzi? Mbona umeganda? Umeganda mdomo wazi! Haloo!"

Hadubini akaziba mdomo wake kwa mikono miwili.

Mlango wa chumba cha nyuma ya jiko ukafunguka. Mzee akatokea, simu ameinyanyua juu kama mtu anayetafuta mvua. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimepakwa mafuta na kuchanwa. Juu alikuwa amevaa shati la bluu aliloliweka kwa sherehe, lile la mahafali ya binti yake, limenyooshwa, vifungo vyote mpaka shingoni. Chini alikuwa na suruali ya kulalia.

Wakatazamana. Hadubini yuko magotini, waya mkononi.

"Hukwenda kazini?" mzee akauliza.

"Baba. Kipenzi nani?"

Mzee akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Simu aliilaza mapajani, uso chini. Ilikuwa simu ya zamani ya Fundi. Hadubini aliitambua kwa kona yake iliyopasuka.

"Ni Nesi," akasema.

"Nesi gani?"

"Yule wa mama yako."

Hadubini aliuzungusha waya kidoleni.

"Alistaafu, akarudi mji wao," mzee akaendelea, akizungumza na magoti yake. "Alinipigia kuniuliza naendeleaje. Mara moja. Kisha mwezi uliofuata. Ile simu yangu ya kubonyeza haionyeshi sura, na mimi nilitaka kumwona. Nikamwomba Fundi. Akaniambia, Mzee, nikikuweka kwenye mtandao wa nyumba mwanao atakuona kwenye orodha, nimemfundisha mwenyewe. Nikamwambia basi niwekee wa peke yangu, na uniapie hutasema. Hakupenda. Alikaa hapo ulipo akakuna kichwa. Nikamwambia ni mimi mzee nakuomba. Akaapa."

Kumbe ule mstari ulikuwa ruta yenyewe, iliyowaka na kuzimika na swichi ya Baba. "Na zile asubuhi alizokuja?"

"Alikuwa ananifundisha kushika simu. Mara ya kwanza Nesi aliongea na paji la uso wangu saa nzima."

Hadubini akajikuta anataka kucheka na kulia, na akazuia vyote viwili. "Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Ningekwambiaje?" Sauti ya mzee ikakatika. "Picha ya mama yako ndiyo hiyo ukutani. Wewe unaifuta vumbi kila Ijumaa. Nilijua ukisikia, utaona nimemtoa mama yako mlangoni."

Hadubini aligeuka akaitazama picha. Alikumbuka wodi, na asubuhi za mwisho. Alimkumbuka Nesi, mama mnene mwenye mwendo wa polepole, jinsi kila alipotaka kumsikiliza mgonjwa kifua alivyokishika kwanza kile chuma baridi ndani ya kiganja chake, akakipasha joto, akihesabu kimya kimya, ndipo akakiweka. Wauguzi wengine walikiweka tu, na Mama alishtuka. Kwa Nesi hakushtuka hata siku moja.

Mzee hakumharakisha.

Kisha Hadubini akainama nyuma ya meza, akauchomeka waya mahali pake. Taa ndogo ya kijani ikapepesa, ikatulia.

"Mpigie, Baba," akasema. "Umemwacha mdomo wazi."

Adhuhuri ile alipiga simu ambayo hakuwa na uhakika kama itapokelewa. Iliita mpaka karibu na mwisho.

"Naam, dada," Fundi akasema.

Lile neno dada likamchoma. Lakini alilistahili.

"Fundi, nina kazi. Nyumba moja, ruta tatu. Moja imejificha. Nataka iache kujificha."

"Mwenye ruta amekubali?"

"Yupo hapa. Anatikisa kichwa."

"Kutikisa kwa ndiyo au kwa hapana?"

Mzee akainyakua simu. "Mwanangu, nimekufungulia kiapo! Na kwa nini hukuniambia kwamba kinakukosesha mchumba? Ningesema siku ile ile!"

"Ungesema kwa kusukumwa, Mzee," Fundi akajibu. "Nilitaka useme ukiwa tayari."

"Mjinga," mzee akasema kwa upendo mkubwa. "Njoo."

Alikuja saa tisa na ngazi yake begani, shati jeupe, kalamu tatu. Alimwamkia mzee, akamsalimia Hadubini kama anavyosalimiwa mteja, akaenda moja kwa moja kazini. Hadubini alimfuata mpaka ukumbini na kuishika ngazi.

"Haihitaji kushikwa," Fundi akasema kutoka juu.

"Naishika hata hivyo." Akatazama soli za viatu vyake. "Nilikudhania vibaya."

"Najua."

"Nilikudhania na msusi."

"Na mimi?" Kelele ya msusi, ambaye siku ile hakwenda saluni, ikatoka dirisha la uani. "Jamani, mimi nimefanya nini? Nilinyanyuliwa kiti tu!"

"Samahani, shoga!" Hadubini akapaza sauti. "Nitakuletea nywila ya mtandao!"

"Hapo sawa! Nimekusamehe!"

Bega la Fundi likatikisika kule juu, na Hadubini akajua anacheka, ingawa alijitahidi asionekane.

"Iliniuma," akasema alipotulia. "Sisemi ili uumie na wewe. Nasema ili ujue."

"Nataka kujua. Lakini na mimi niseme langu." Hadubini akakaza mikono kwenye ngazi. "Nikiolewa na wewe, nitakutana na milango mingapi ambayo huifungui?"

Fundi akashusha bisibisi. "Ya wateja, yote. Hiyo sibadilishi. Lakini mtu wa nyumba hii akiniomba nifiche kitu, nitamwambia siwezi, mimi na Hadubini tuko upande mmoja wa mlango. Hilo ndilo nililokosea. Nilikuwa na haya mbele ya mzee wako, nikamkubalia kitu ambacho kilikuwa na wewe ndani yake."

"Na mimi sitachomoa waya kabla sijauliza."

"Uliuliza, kipenzi. Uliuliza sana."

Kipenzi. Hadubini akaegemeza paji la uso kwenye ngazi.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Ile ruta ya chumbani kwa mzee aliinyima kugawa anwani, akaipa jina la nyumba na nywila ya nyumba, sawa na nyingine mbili. Kisha akamkatia Hadubini kipande cha utepe na kumpa kalamu. Hadubini akaandika *Baba*, akabandika ncha ya sebuleni. Akaandika tena, akaenda kubandika ya chumbani. Mwandiko wake ulikuwa mbaya. Hakuna aliyesema.

"Sasa tujaribu," Fundi akasema, akiwa amerudi juu ya ngazi kubana waya wa mwisho. "Mzee, mpigie halafu utembee."

Mzee akapiga akiwa kitandani kwake. Safari hii mlango uliachwa wazi. Sauti ya Nesi ikajaza jiko, nzito na ya taratibu, ikieleza habari za bustani yake. Mzee akatoka na simu mbele ya uso wake, fimbo mkono wa pili, suruali ya kweli mwilini. Akafika ukumbini, akaigeuza simu.

"Msalimie binti."

"Shikamoo, Mama Nesi," Hadubini akasema.

"Marahaba, mwanangu." Uso mnene kwenye kioo kilichopasuka kona ulikuwa na wasiwasi mtupu. "Nimekuwa nikikuogopa wewe, unajua?"

"Usiniogope. Bado unapasha chuma mkononi?"

Nesi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Mzee naye akamwinulia macho Fundi. "Na wewe. Uliniambia una neno na mimi Jumapili. Hukuja."

"Nimekuja leo, Mzee." Fundi alikuwa na bisibisi mdomoni; akaitoa. "Neno lenyewe ni kwamba naomba binti yako, kama yeye mwenyewe…"

"Shuka kwanza, baba!" Nesi akasema kutoka kwenye simu. "Mtu haposi akiwa juu ya ngazi!"

Fundi akashuka. Hadubini hakuiachia ngazi, kwa hiyo akajikuta ameshuka katikati ya mikono yake.

"Kama yeye mwenyewe anakubali," akamalizia, kwa sauti ndogo.

"Anakubali," Hadubini akasema. "Ila akoromaye ni simu."

"Haya, tuwapishe," mzee akasema, akageuka na simu yake kuelekea sebuleni. Nesi alikuwa tayari amerudi kwenye mambo yake. Alikuwa anamweleza mzee kuhusu vidonge vyake vya presha.

"Na ukimaliza kula, usikae, tembea kido—"

Kwenye kona ya ukumbi, pale mtandao mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia, uso ukaganda. Mzee akasimama. Hadubini akamshika Fundi mkono.

"—go," Nesi akasema. "Mpaka mlangoni na kurudi. Unanisikia?"

"Nakusikia," mzee akajibu, akaendelea kutembea. Alipita swichi ya ukumbini, akanyoosha mkono kuizima kama kawaida yake, akakumbuka kwamba kuna watu, akaiacha inawaka.